Udongo Uliochoka Hauponi kwa Mbolea Peke Yake



Tangu mwaka 2015, Kanisa Katoliki linaufungua mwezi Septemba kwa Siku ya Kuombea Utunzaji wa Kazi ya Uumbaji, iliyoanzishwa na hayati Baba Mtakatifu Fransisko miezi michache baada ya kutoa Waraka wake, Laudato si'. Sala na tafakari huendelea hadi tarehe 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Kwa waamini wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, majuma hayo huangukia kiangazi. Mahindi yamekwisha kuvunwa, mvua za kupandia bado hazijafika, na mashamba yako wazi. Ndio wakati ambao tunaiombea kazi ya uumbaji kanisani, na ndio wakati ambao moshi wa mabua yanayochomwa hupanda kila upande wa parokia.

Katika wakati huohuo familia nyingi hukaa chini kupiga hesabu za msimu uliopita, nazo hesabu hizo huleta huzuni. Ekari iliyokuwa ikitoa magunia kumi na mawili kwa mfuko mmoja wa mbolea sasa inatoa saba kwa mifuko miwili. Fedha ya ada ya shule imekwenda kwenye pembejeo, na gunia la kuuza halipo. Wapo wanaolaumu mbegu, wapo wanaolaumu mvua, wapo wanaolaumu duka lililowauzia. Na tuseme ukweli, wapo pia wanaoanza kumtazama jirani kwa jicho la mashaka, wakiamini kwamba mazao yao yamehamishwa usiku. Mashaka ya namna hiyo yamevunja undugu katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zaidi ya mara moja. Kabla hatujamshuku mtu yeyote, yafaa tuuchunguze udongo tunaoukanyaga.

Maandiko Matakatifu yanausemea udongo kwa heshima. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba mtu alifanyizwa kwa mavumbi ya ardhi, na katika Kiebrania jina Adamu lina undugu na neno adama, yaani udongo. Sura hiyohiyo ya pili inaeleza kwamba mtu aliwekwa katika bustani kwa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Kazi ya kwanza tumeishika sana. Laudato si' unaanza kwa kutukumbusha undugu huo wetu na mavumbi, na kwamba jeraha lililomo moyoni mwa mwanadamu huonekana pia katika magonjwa ya udongo, maji, hewa na viumbe hai. Tunapozungumza hapa juu ya udongo mgonjwa, basi, hatutumii lugha ya mafumbo. Udongo huugua, na ugonjwa wake unapimika.

Udongo ni nini hasa? Ukichukua udongo mzuri wa shambani na kuugawa kwa ujazo, karibu nusu yake, kama asilimia 45, ni chembechembe za mawe yaliyosagika tangu zamani za kale. Nusu ya pili karibu yote ni nafasi tupu, ambamo maji na hewa hupokezana. Kinachobaki, mara nyingi asilimia 5 au pungufu, ni mata ogania, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza au yanayoendelea kuoza. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayoushikilia udongo wote. Hushika maji kama sifongo, huunganisha chembe ili zisichukuliwe na mvua, na huwalisha viumbe wasiohesabika. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye afya huweza kuwa na bakteria wanaokaribia bilioni moja, mbali na kuvu, minyoo na wadudu. Hao ndio wanaogeuza jani lililokufa kuwa chakula cha jani jipya. Shamba lisilo nao ni kama jiko lenye unga, mboga na kuni, lakini halina mpishi.

Mmea nao una mahitaji yake. Wataalamu wanahesabu virutubisho 17 ambavyo mmea hauwezi kuishi bila hivyo. Vitatu, yaani kaboni, hidrojeni na oksijeni, huvipata kwenye hewa na maji. Vilivyobaki 14 vyatoka udongoni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu huhitajika kwa wingi, kalsiamu, magnesiamu na salfa kwa kiasi cha kati, na vingine kama zinki, boroni, chuma na shaba kwa kiasi kidogo mno. Udogo wa kiasi haupunguzi ulazima. Katika karne ya 19, mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alieneza kanuni ambayo mkulima yeyote anaweza kuielewa kwa kuitazama ndoo iliyotoboka ubavuni. Mimina maji kadiri utakavyo, hayatapanda kupita tundu lilipo. Mazao nayo hayapandi kupita kile kirutubisho kilichopungua kuliko vyote. Shamba lililopungukiwa zinki halitashibishwa kwa kuongezewa naitrojeni, na mfuko wa pili wa Urea utamwagika kupitia tundu lilelile lililoumwaga wa kwanza.

Tufanye hesabu kidogo. Ekari ikitoa magunia 10 ya kilo 100, hiyo ni tani moja ya mahindi. Punje hizo peke yake huondoka shambani na naitrojeni ya takribani kilo 15, fosforasi kilo 3 na potasiamu kilo 4, pamoja na vingine vyote kwa viwango vyake. Mabua nayo yamebeba sehemu kubwa ya potasiamu ambayo mmea uliinyonya, na kama yanaondolewa kwa ajili ya mifugo au kuni, nayo inaondoka. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na hauna kirutubisho kingine chochote cha udongoni. DAP ina naitrojeni na fosforasi. Kwa hiyo mkulima anayepandia DAP na kukuzia Urea kila mwaka huingiza shambani vitu viwili na kutoa kumi na vinne. Akiba ya hivyo kumi na viwili huweza kudumu miaka kumi, pengine ishirini, kutegemea shamba lilivyoanza. Halafu siku moja inakwisha, na hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi.

Mmea husema unapoumwa, ingawa huchelewa. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni hugeuka manjano kuanzia majani ya chini, rangi ikiingia kutoka ncha ya jani kupitia katikati. Yenye njaa ya fosforasi huwa na rangi ya zambarau yakiwa bado machanga. Kingo za majani ya chini zikiungua kama zimepitiwa na moto, mshuku potasiamu. Michirizi myeupe kwenye majani mapya mara nyingi ni upungufu wa zinki. Lakini ishara hizi zinapoonekana, sehemu ya mavuno imekwisha kupotea. Tena zina udanganyifu wake, kwa sababu kirutubisho kinaweza kuwapo udongoni na mmea usikipate.

Tindikali, adui asiyeonekana

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo mahubiri mengi ya kilimo yanapopita haraka.

Uchachu wa udongo hupimwa kwa kipimo kinachoitwa pH. Namba 7 iko katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alikali. Namba hizi hazishuki kwa hatua sawa kama za rula: udongo wenye pH ya 5 una tindikali mara kumi ya ule wenye 6, na wenye 4 una mara mia. Mahindi na maharage hustawi vizuri pH ikiwa kati ya 5.5 na 7. Ikishuka chini ya 5.5, mambo mawili hutokea chini ya ardhi pasipo mtu kuyaona. Alumini, ambayo imejaa katika udongo wetu mwekundu na kwa kawaida hutulia bila madhara, huyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi. Mizizi hufupika, huwa minene na butu, nayo haiwezi kushuka kutafuta maji. Pili, fosforasi hushikwa na hiyo alumini pamoja na chuma, ikafungwa kiasi ambacho mmea hauwezi kuinyonya. Mkulima amenunua DAP kwa bei ya kuumiza, ameiweka kwenye shimo kwa uaminifu, na udongo umeifungia stoo.

Tindikali hiyo imetoka wapi? Sehemu yake ni ya asili. Katika nchi za mvua nyingi, maji yameosha kalsiamu na magnesiamu kwa maelfu ya miaka. Sehemu nyingine twaileta wenyewe. Kila mavuno huondoa kiasi cha madini hayo. Zaidi ya hayo, mbolea za naitrojeni zenye amonia, zikiwemo Urea, DAP na hasa SA, huacha tindikali bakteria wanapozigeuza kuwa umbo ambalo mmea unalipenda. CAN hudhuru kidogo zaidi kwa sababu imechanganywa na chokaa. Msimu mmoja haubadilishi kitu. Miaka ishirini ya Urea bila chokaa na bila samadi yaweza kulishusha shamba kutoka kwenye afya hadi kwenye ugonjwa, na dawa ambayo mkulima huifikiria kwanza ni kuongeza Urea.

Tiba inajulikana tangu zamani: chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa laini. Chokaa hupunguza tindikali, huituliza alumini, huifungulia fosforasi na huongeza kalsiamu. Ile ya dolomaiti huongeza na magnesiamu. Huhitaji kuchanganywa na udongo, kupata unyevu na kupewa muda, kwa hiyo imwagwe majuma kadhaa kabla ya kupanda. Isichanganywe na Urea wala DAP siku moja, la sivyo naitrojeni hupaa angani kama harufu kali ya amonia. Kuna pia mbolea ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara. Ni fosfeti ya mawe yenye kalsiamu ndani yake, nayo huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali kuliko penye alikali. Kwa shamba lenye uchachu, ni mbadala wa kufikiriwa mahali pa DAP.

Lakini chokaa nayo ikizidi ni ugonjwa mwingine, kwa maana zinki, chuma na manganizi hufungwa pH inapopanda mno. Na si kila shamba lenye tindikali linaumwa. Chai ya Mufindi na Njombe inaipenda tindikali, mihogo na viazi mviringo huivumilia. Mwenye kumwaga chokaa kwa sababu jirani amemwaga anafanana na mwenye kumeza vidonge alivyoandikiwa jirani. Kiasi kinachohitajika, ambacho mara nyingi huhesabika kwa tani kwa hekta wala si kwa kilo, hujulikana kwa kupima.

Mabua, samadi na moto

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu anatoa mfano wa mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza bustani anaomba mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie pande zote na kuutilia samadi. Kwa desturi tunausoma mfano huo kama fundisho juu ya uvumilivu wa Mungu, na ndivyo ulivyo. Mkulima hawezi kukosa kuona pia kwamba mtunza bustani yule alijua kazi yake: mti usipozaa, anza na udongo.

Kuchoma mabua ni kupoteza kinyume kabisa cha hicho. Moto huirusha angani karibu naitrojeni yote iliyomo, pamoja na sehemu kubwa ya salfa, na kaboni ambayo ingekuwa mata ogania. Majivu yanayobaki yana potasiamu na kalsiamu, ni kweli, lakini yamelala juu ya ardhi tupu, na mvua kubwa ya kwanza huyasomba hadi mtoni. Matawi tuliyobariki Jumapili ya Matawi tunayachoma kwa ajili ya Jumatano ya Majivu, na yana sababu yake. Mabua hayana sababu hiyo.

Mkulima anayechoma, hata hivyo, si mjinga. Shamba lililojaa mabua ni gumu kulima kwa jembe la mkono. Usipoyachoma, mchwa watayala au ng'ombe wa jirani watayamaliza. Ukiyafukia mabichi siku chache kabla ya kupanda, bakteria wanaoyaozesha watanyang'anyana naitrojeni na mahindi machanga, nayo yatanyauka manjano. Njia zinazofanya kazi zinajulikana, ingawa zinadai jasho: kuyalaza kwa mistari mapema kiangazi na kupanda kati ya mistari, au kuyakata na kuyarundika pamoja na samadi na majani mabichi yageuke mboji. Samadi yenyewe ifunikwe. Ile inayorundikwa nje ya zizi, ikapigwa jua na kunyeshewa miezi sita, hufika shambani ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Wengine, kwa nia njema, hutaka tuziache kabisa mbolea za viwandani. Nadhani hawajapiga hesabu pamoja na mama mwenye ekari moja iliyochoka. Samadi kavu iliyotunzwa vizuri ina naitrojeni ya asilimia 1 hadi 2. Ili kurudisha zile kilo 15 zilizoondoka na magunia kumi, anahitaji tani moja au zaidi, na si yote itakayotolewa mwaka wa kwanza. Mwenye ng'ombe wawili na mkokoteni anaweza. Mwenye mbuzi watatu na kichwa chake tu cha kubebea hawezi. Mbolea ya dukani ikiwekwa kwa kiasi katika udongo wenye mboji hufanya kazi zaidi ya ile inayowekwa katika udongo mtupu, kwa sababu kuna kitu cha kuishika isioshwe na maji. Kwa hiyo mama huyo asilazimishwe kuchagua moja. Aweke samadi kidogo aliyonayo kwenye mashimo ya kupandia, mahali mizizi itakapokuwa, na mbolea kidogo juu ya hiyo.

Waliotutangulia

Ujuzi wa kuulisha udongo si mgeni kwetu. Katika milima ya Mbinga, Wamatengo wamelima kwa ngoro kwa zaidi ya karne moja. Inasimuliwa kwamba vita vya Wangoni vya karne ya 19 viliwasukuma kukaa wengi katika milima michache, na miteremko ile ingewafukuza haraka kama wasingejua kuishika. Mvua zinapoelekea mwisho, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana, mpaka mteremko wote unakuwa kama wavu wa miraba. Kina mama huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani yale, kisha hupanda maharage juu ya matuta. Baada ya maharage, mvua za msimu unaofuata zikija, mahindi hupandwa mahali hapohapo. Majani yaliyofukiwa yameoza na kuwa chakula. Mashimo hushika maji yasiporomoke, na udongo unaosombwa hutua ndani yake pamoja na magugu yaliyopaliliwa. Shamba linapotengenezwa upya, matuta hupitishwa yalipokuwa mashimo, na ule uliokuwa uchafu wa shimo unakuwa rutuba ya tuta.

Tazama ni mangapi yamo katika kazi hiyo moja: mmomonyoko umezuiwa, mata ogania imeongezwa, maji yamehifadhiwa, na zao la mikunde limetangulia nafaka. Mizizi ya maharage ina vinundu wanamoishi bakteria wanaochota naitrojeni hewani na kumpa mmea. Ng'oa mche mmoja ukiwa unaanza kutoa maua, ukate kinundu kwa ukucha. Kikiwa cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au cha kijani, au vinundu vikiwa vichache mno, kuna kinachowasumbua, na mara nyingi ni ile tindikali tuliyoitaja.

Kanisa nalo lina sehemu katika historia hii. Wamonaki Wabenediktini wa Peramiho, ambako misheni ilianzishwa mwaka 1898, hawakuishia katika sala na shule. Katika miaka ya 1980 walilieneza kwa bidii zao la marejea, na Padre Gerold Rupper, mmonaki wa shirika hilo, aliandika kitabu cha kuelekeza kilimo chake. Marejea ni jamii ya mikunde, halilimwi kwa ajili ya chungu. Hupandwa, huachwa likue refu na kufunika magugu, kisha hukatwa na kufukiwa linapotoa maua. Huacha naitrojeni udongoni na hupunguza minyoo fundo inayoshambulia mizizi. Wazee wa Ruvuma wanalikumbuka. Inasikitisha kwamba katika vijiji vingi mbegu yake sasa ni ya kutafutwa.

Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kiliamuru ardhi ilimwe miaka sita na kupumzishwa wa saba. Mwenye ekari moja na watoto watano hawezi kuilaza ekari yote. Anaweza kutenga robo yake kwa marejea, ngwara au mbaazi msimu mmoja, na robo nyingine msimu unaofuata. Kwa mzunguko huo shamba lote litakuwa limepata pumziko lake baada ya miaka minne, na nyumba haikulala njaa.

Nani atalitunza shamba lisilo lake?

Haya yote yanadhani kwamba mkulima atakuwapo kuvuna matunda ya kazi yake. Chokaa huonyesha nguvu yake kwa miaka kadhaa, mboji hujengeka polepole, na mbaazi hudai subira. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kumwaga chokaa ambayo faida yake itavunwa na mwingine. Atalikamua kadiri awezavyo, na hatuwezi kumlaumu. Mama anayelima shamba la ukoo wa mumewe, asiyejua kama ataachwa alilime mume akifariki, yuko katika hali hiyohiyo. Hili ni suala la haki kabla halijawa la kilimo.

Nathubutu kusema kwamba parokia na mashirika ya kitawa yenye ardhi ya kukodisha yangeweza kuanza. Mkataba wa miaka mitano mahali pa mmoja, wenye sharti la kutochoma mabua na la kupanda mikunde kwa zamu, haugharimu chochote zaidi ya karatasi. Kodi huenda ikabaki ileile. Udongo utakaorudishwa mwisho wa mkataba hautakuwa uleule.

La kufanya kiangazi hiki

Kupima udongo si jambo la wakulima wakubwa peke yao. Maabara zipo: Kituo cha Mlingano mkoani Tanga na cha Uyole mjini Mbeya, vyote vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Afisa ugani wa kata anaweza kuelekeza ilipo ya karibu. Gharama na nauli huonekana nzito kwa mtu mmoja, na hapa ndipo Jumuiya inapokuwa na faida yake. Familia kumi au kumi na tano zikusanye sampuli zao, zimtume mtu mmoja.

Namna ya kuchukua sampuli huamua kama majibu yatakuwa na maana. Tembea shambani kwa kupindapinda na uchague sehemu 10 hadi 20. Epuka kichuguu, njia, kivuli cha mti mkubwa, na mahali palipowahi kuwa zizi au rundo la samadi. Katika kila sehemu ondoa majani ya juu, chimba hadi sentimita 20, ukate kipande chembamba cha udongo kuanzia juu hadi chini. Changanya vyote katika ndoo safi ya plastiki, wala usitumie ile iliyobebea mbolea. Toa humo kama nusu kilo, uianike kivulini, uifunge, uandike jina, mahali, tarehe na zao unalokusudia kupanda. Kama nusu ya shamba ni bondeni na nusu mlimani, hizo ni sampuli mbili. Omba upimiwe pH kwanza, kisha mata ogania, fosforasi na potasiamu. Fedha ikitosha, ongeza kalsiamu, magnesiamu na zinki.

Majibu yakirudi, yasomwe pamoja na afisa ugani katika mkutano wa Jumuiya, kila mmoja akiwa na karatasi yake mkononi. Mashamba yanayopakana huweza kutofautiana sana. Ikionekana kwamba wengi wanahitaji chokaa, kuagiza lori moja kwa pamoja ni nafuu kuliko kila mtu kununua mifuko yake, na ikifika mwishoni mwa Oktoba itapata nafasi ya kuchanganywa na udongo mvua za kwanza zinapoanza. Wenye mabua bado shambani, wasubiri na kiberiti.